Sura ya Saba: Kumwona Mtoto Kati ya Wenzake

Mzazi wa wilaya ya Rungwe huijua shule ya mtoto wake kwa mabega kabla ya kuijua kwa macho. Amebeba mchanga kutoka mtoni na mawe kutoka makorongoni, amechimba msingi katika udongo mweusi ambao milima ya moto ya zamani iliuacha uwe urithi wa nchi hii, amefyatua matofali na kuyachoma, na kwa miaka mingi ametoa fedha ya bati, ya madawati na ya mlinzi. Hata leo ukifuatana naye kupita kando ya shule ataweza kukuonyesha ukuta uliosimamishwa na kitongoji chake, na kukutajia mwaka ambao upepo uliezua paa likaezekwa upya. Lakini ukimwuliza mtoto wake huketi na nani, hunyoosha mkono au huuficha chini ya dawati mwalimu anapouliza swali, hucheka pamoja na wenziwe au huchekwa nao, mtu yule yule aliyekuwa na habari zote za ukuta hukosa habari ya jambo hata moja linalotendeka ndani ya ukuta. Ameijenga nyumba, naye ameishia barazani.

Nataka kusema neno moja katika sura hii, na nalisema kwa ghera kwa sababu naliona kubwa: mzazi na aingie darasani saa ya somo. Simaanishi ofisi ya mwalimu mkuu, wala mkutano wa hadhara chini ya mti, wala mahafali ya darasa la saba ambapo nguo mpya huvaliwa na risala husomwa. Namaanisha siku ya kawaida, somo la kawaida, chaki na vumbi lake, mzazi akiwa ameketi nyuma ya darasa akitazama, na akiombwa akisaidia. Sababu yangu si kwamba mwalimu ana haja ya kusimamiwa. Sababu yangu ni kwamba mtoto ni watu wawili, mmoja wa nyumbani na mmoja wa kati ya wenzake, na mzazi anayemjua wa kwanza peke yake hudhani amemjua mtoto wote, kumbe amemjua nusu.

Wazee wa nchi hii walilijua jambo hilo vyema kuliko sisi. Godfrey Wilson na mkewe Monica, waliokaa katika nchi hii ya Wanyakyusa na kuchunguza mila zake kati ya mwaka 1934 na 1938, walikuta desturi ambayo haina mfano mwingi duniani, nayo ni desturi ya vijiji vya marika, ambayo Monica aliitungia kitabu kizima kilichotoka mwaka 1951. Mtoto wa kiume alipofika umri wa miaka kumi hivi hakulala tena nyumbani kwa baba yake. Yeye na wenziwe wa rika moja walijijengea vibanda vyao pembeni, wakalala huko, wakazungumza huko, wakafundishana adabu, wakaonyana na kurekebishana. Na wakisha kukua walioa na kuendelea kuishi pamoja, hata kile kilichoanza kuwa michezo ya wachunga ng'ombe kikawa kijiji kamili cha watu wazima. Murua wa mtu uliaminika kupatikana katika mazungumzo ya wenzake walio sawa naye, wala mtu aliyejitenga na wenzake hakuhesabiwa kuwa amelelewa.

Msomaji aweza kudhani kwamba mzazi wa siku zile alimwacha mwanawe kama mtu aachaye mzigo njiani. Hasha. Vijana wale walilala mbali, lakini hawakupika. Chakula chao kilitoka katika vyungu vya mama zao, nao walikwenda kukila kwa kundi, leo kwa mama wa huyu, baadaye kwa mama wa yule, nyumba kwa nyumba. Mchana walichunga ng'ombe wa baba zao, na walipokua kidogo walishika jembe katika mashamba ya baba zao. Fikiri basi mama yule aliyeandaa chakula na kukiweka mbele ya kundi zima alikuwa akiona nini. Alimwona mwanawe mwenyewe, na pamoja naye aliwaona wana wa wenzake wote. Alimwona anayetangulia kunyoosha mkono na anayengoja, anayeongoza mazungumzo na anayesukumwa pembeni, ambaye maneno yake husikilizwa na ambaye maneno yake hukatizwa. Bila ya kuuliza swali lolote alipata habari ambazo leo mzazi mwenye simu ya mkononi na ripoti ya muhula hawezi kuzipata. Nami naona kwamba faida hiyo, ijapokuwa haikuwa shabaha iliyotajwa ya desturi ile, ilikuwa miongoni mwa nguzo zake.

Sisemi vijiji vya marika virudi. Vilitaka ardhi pana, malisho na ng'ombe wengi, na ardhi ya Rungwe leo imebanana: migomba imepandwa hata ukingoni mwa barabara, chai imepanda milima, parachichi zimechukua mahali palipokuwa pa kahawa, na ng'ombe wa maziwa hufugwa bandani akaletewa majani. Vijana wamehama kutoka kibanda cha rika wakahamia darasani. Darasa ndilo kijiji cha rika cha zama zetu, humo ndimo watoto wanamofundishana murua au utovu wake, na tofauti moja iliyo kubwa ni hii, kwamba kundi hili haliji tena kula chunguni kwa mama. Limefungiwa mlango, na mama amebaki nje.

Kwa nini alibaki nje? Sababu moja ni namna shule ilivyofika. Wamisionari wa Moravian walipiga kambi chini ya mlima Rungwe mwaka 1891, na wenzao wa Kilutheri kutoka Berlin waliingia nchi hii mwaka huo huo. Shule zikaota kando ya makanisa, na kisha serikali ya Wajerumani ikajenga boma lake katika kilima cha Tukuyu na kuliita Neu Langenburg. Yote yaliyokuwamo katika chumba kile yalikuwa mageni kwa mzazi: kengele, ubao, saa, herufi. Mtu mzima mwenye hadhi yake, aliyezoea kusikilizwa barazani, hangeweza kuingia mahali ambapo mtoto wake mdogo alimzidi maarifa, akaketi bila ya kuona haya. Akampeleka mtoto mpaka mlangoni, akageuka. Haya hiyo ilikuwa na haki yake katika kizazi cha kwanza, lakini ilirithiwa na vizazi vilivyojua kusoma na kuandika, ambavyo havikuwa na sababu tena ya kuona haya, ikageuka kuwa kaida. Mzazi akajifunza kwamba huitwa shuleni kwa mambo mawili tu, mtoto anapokosa na mchango unapotakiwa. Na hata leo barua ya mwalimu ikifika nyumbani moyo wa mama hushtuka kabla hajaifungua.

Hawakukosekana watu waliojaribu kuufungua mlango. Malangali, katika nchi ya Iringa, shule ya serikali iliyoanzishwa mwaka 1928 chini ya W. B. Mumford iliwaleta wazee wa makabila waishi shuleni, wawafundishe vijana mila, ngoma na kutupa mikuki. Lilikuwa jaribio la heshima, lakini naliona lilifika nusu ya njia: wazee walipewa mambo ya kale wayatunze, na hesabu na kusoma vikabaki mikononi mwa walimu, hata ikawa kana kwamba shule ina vyumba viwili visivyo na dirisha baina yao. Litowa katika Ruvuma ilikwenda mbali zaidi. Huko, katika miaka ya 1960, wakulima walioongozwa na Ntimbanjayo Millinga waliunda kijiji cha ujamaa kwa hiari yao wenyewe, na shule yao, ambayo mwalimu wake mkuu alikuwa Suleman Toroka, haikuwa kitu mbali na kijiji; shamba la shule na shamba la wazazi yalizungumza lugha moja, na mtu mzima kuonekana kati ya wanafunzi halikuwa jambo la kushangaza. Mwalimu Nyerere alipotoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, akataka shule ziwe sehemu ya jumuiya zilizomo, Litowa ilikuwa imekwisha kuonyesha kwamba jambo hilo laweza kutendeka. Lakini chama kilichoviunganisha vijiji vile vya Ruvuma kilivunjwa mwezi Septemba 1969, na nuru ile ikafifia. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 jaribio jingine lilifanywa Kwamsisi katika mkoa wa Tanga, kwa msaada wa UNESCO na UNICEF, ambako wanakijiji waliingia darasani kufundisha kazi na maarifa waliyokuwa nayo.

Kisha likaja Azimio la Musoma la mwaka 1974, na elimu ya msingi kwa watoto wote ikaanza kutekelezwa mwaka 1977. Lilikuwa tendo kubwa la insafu, nami siwezi kulitaja bila ya kulistahi. Lakini watoto walipomiminika, haja ya vyumba ilikuwa kali mno hata mzazi akaombwa mabega yake tu, macho yake yakasahauliwa. Ada ilipoondolewa mwanzoni mwa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) mwaka 2002, na michango ya lazima ilipoondolewa kuanzia Januari 2016, wazazi wengi walilielewa neno visivyo: walidhani kwamba kwa kuwa hawadaiwi tena fedha, hawadaiwi tena kitu. Matokeo ya macho ya mzazi kusahauliwa yalikuwa yamekwisha kuonekana kabla ya hapo. Mwaka 2010 watu wa kujitolea wa mpango wa upimaji uitwao Uwezo walipopita nyumba kwa nyumba nchini wakiwapima watoto, waliona kwamba katika darasa la tatu yapata mtoto 1 tu kati ya 3 ndiye aliyeweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Lililonigusa zaidi ya hesabu yenyewe ni kwamba kipimo kilifanywa nyumbani, mbele ya wazazi, na wengi wao walikuwa wakimsikia mtoto wao akishindwa kusoma kwa mara ya kwanza. Miaka mitatu shuleni, naye mzazi hakuwa na habari! Mtu wa aina gani angemwachia jirani ng'ombe wake miaka mitatu bila ya kwenda kumtazama?

Siku hizi kuna chombo cha kuzibia pengo hilo, nacho ni Ushirikiano wa Wazazi na Walimu, ambao watu huufupisha kwa kuuita UWAWA. Kamati ya shule hushughulikia majengo, fedha na mipango. UWAWA umekusudiwa kushughulikia mtoto mwenyewe, mahudhurio yake, chakula chake, kusoma kwake. Jina ni jema. Lakini jina lililoandikwa katika daftari la kumbukumbu za mkutano haliwezi kumtazama mtoto. Sharti mtu aende.

Niruhusiwe kueleza niliyoyaona katika darasa la kwanza la shule moja ya vilima vya upande wa Katumba. Walikuwapo wazazi wachache walioalikwa, wameketi katika benchi la nyuma, kanga zimevutwa mabegani kwa ajili ya ubaridi wa asubuhi. Mwalimu aliwaamkia, "Shikamooni," wakaitikia, "Marahaba, mwalimu," na watoto wakageuka wote kwa pamoja kutazama ni mama wa nani. Somo lilikuwa la kutoa. Kila dawati lilipewa vizibo vya soda katika kopo, na watoto wanne walioketi katika dawati moja walitakiwa kuweka saba, kuondoa vitatu, na kuhesabu vilivyobaki. Mama mmoja alikuwa amekuja kumtazama mwanawe ambaye nyumbani, kwa maelezo yake, huhesabu parachichi za kuuza bila ya kukosea na huwakosoa dada zake. Katika dawati lile hakuhesabu kitu. Kijana aliyeketi mwanzo wa dawati, mkubwa wa mwili na mwepesi wa mikono, alilishika kopo, akaweka vizibo yeye, akaondoa yeye, akatangaza jibu yeye. Wa pili yake alimsaidia. Wa tatu, mtoto wa mama yule, aliangalia. Na wa nne, msichana mdogo aliyeketi ukingoni kabisa, hakuweza hata kuangalia, maana mabega ya wengine watatu yalimfunika.

Mwalimu, mwenye watoto wengi kuliko wale 45 ambao serikali imewaweka kuwa kiwango cha mwalimu mmoja, alisikia jibu sahihi likitoka katika dawati lile akapita. Sikumlaumu, wala msomaji asimlaumu. Mtu aliyesimama mbele huona nyuso; aliyeketi nyuma huona migongo na mikono, na siku ile habari ilikuwa katika mikono.

Kisha mvua ikaanza. Anayeijua Tukuyu ajua mvua yake, ambayo kwa mwaka hupita milimita 2,000 na katika miezi ya masika huja bila ya kubisha hodi. Na anayejua mapaa ya bati yasiyo na dari ajua kwamba mvua kama hiyo ikishuka, sauti ya mwalimu hutoweka kana kwamba imefutwa na kitambaa cha ubao. Katika siku nyingine somo lingekwisha hapo, watoto wakakunja mikono wakingoja. Mwalimu aliwaashiria wazazi kwa mkono, nao wakainuka, wakagawana madawati. Mama yule niliyemtaja hakwenda kwa mwanawe. Alichuchumaa ukingoni, kwa yule msichana, akafungua fundo la kanga yake akatoa punje za mahindi, akazimwaga katika ubao wa dawati mbele yake, saba, akamtazama. Msichana aliondoa tatu. Akahesabu nne kwa kidole, punje moja moja, midomo ikicheza bila ya kusikika kwa ajili ya mvua. Akafanya tena kwa punje tisa, na tena kwa kumi, kila mara kwa haraka zaidi, na mtoto wa tatu, yule wa parachichi, akajisogeza akaanza kuhesabu naye.

Katika hayo niliona mambo matatu yaliyonithibitishia niliyokuwa nikiyadhani. Mama alipata kujua kwamba ukimya wa mwanawe darasani haukutokana na ujinga bali na mahali alipoketi. Mwalimu alipata kujua, mvua ilipotulia na mama akamweleza taratibu kwa staha pembeni mwa mlango, kwamba kopo moja kwa watoto wanne ni kopo la mtoto mmoja. Na alishukuru, akaanza siku ya pili yake kuwapa watoto punje za kwao wenyewe. Na msichana wa ukingoni, ambaye mama yake hakuwamo katika chumba kile, alipata mama. Hili la tatu ndilo ninalolithamini zaidi, kwa kuwa ndilo lile lile la mama wa kale aliyepikia kundi zima: mzazi anayeingia darasani kwa ajili ya mwanawe hutoka amewajua wana wa wengine, na akikutana na msichana yule sokoni au njiani atamwita kwa jina.

Najua pingamizi zilizopo, na baadhi yake zina uzito. Mwalimu huogopa. Amezoea kwamba mtu mzima anayeketi nyuma ya darasa na daftari ni mkaguzi, au mthibiti ubora kama anavyoitwa sasa, na kwamba baada yake huja maandishi. Hofu hiyo haiondoki kwa kumwambia asiogope. Huondoka kwa taratibu zinazomlinda. Mzazi aje kwa siku iliyopangwa, aanze ofisini, atie sahihi kitabu cha wageni, asibebe daftari, asipige picha, asimkosoe mwalimu mbele ya watoto kwa neno wala kwa uso, na asichukue habari za mtoto wa mwenziwe kuzifanya mazungumzo ya kilabuni. Alichokiona juu ya mtoto kiwe amana. Akiona jambo la kumwumiza mtoto, kwa mfano fimbo inayopita kiasi, asilinyamazie wala asilipigie kelele dirishani, bali alipeleke kwa mwalimu mkuu siku ile ile. Walimu waliokwisha kukubali wageni wa namna hii huona upesi ukweli wa wahenga waliosema mgeni njoo, mwenyeji apone, maana mikono miwili inayozidi katika darasa la kwanza ni nafuu ambayo hakuna mshahara unaoileta.

Wako pia wanaouliza, mzazi asiyejua kusoma atasaidia nini? Swali hili hunisikitisha, kwa sababu huulizwa zaidi na wazazi wenyewe. Watu wa pwani wamelijibu kwa vitendo. Mwaka 1986 huko Mombasa Bi Swafiya Said alianza, kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, kuzianzishia jumuiya za Waislamu shule za watoto wadogo zilizoambatana na madrasa. Mpango ukafika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Shule zile zilikuwa mali ya jumuiya zenyewe, na vifaa vya kufundishia vilitengenezwa kwa vitu vya pale pale, vifuu, mbegu, makuti, vitambaa, kwa mikono ya wanawake ambao wengi wao hawakusoma sana. Rungwe haipungukiwi na vitu kama hivyo. Bibi asiyejua herufi ajua hadithi, na mtoto anayejifunza kusoma ana haja ya kusikia hadithi nzima, yenye mwanzo na mwisho, kabla ya kukutana na vipande vyake kitabuni. Fauka ya hayo, watoto wengi wa vijiji vya Rungwe huanza shule wakiwa wamezoea Kinyakyusa nyumbani, na bibi aliye karibu na dawati humfariji mtoto aliyeduwaa kwa Kiswahili kingi, akamwelekeza kwa lugha aliyonyonya nayo, kisha akamrudisha kwa mwalimu.

Pingamizi ya kazi ni nzito kuliko zote. Chai haingoji. Mkulima mdogo anayepeleka majani mabichi kwa viwanda vya Katumba au Mwakaleli ajua kwamba jani lililokomaa leo likiachwa wiki litakuwa gumu, na kwamba karani wa mizani hufika kituoni kwa saa yake. Kupanga ziara ya wazazi siku ya kuchuma, au siku ya soko, ni kuwaalika watu huku umefunga njia. Japani, ambako ni desturi ya shule kutenga siku za wazazi kusimama nyuma ya darasa na kutazama somo, siku hutangazwa mapema ili mtu ajipange na kazi yake. Na jambo hilo halihitaji utajiri, lahitaji kalenda. Mzazi mmoja akija mara moja au mbili kwa muhula, kwa zamu, kwa muda wa saa moja na nusu asubuhi, darasa la watoto sitini haliwezi kukosa mtu wa kulisaidia kila wiki.

Baki ya maneno yangu ni kwa baba. Benchi la nyuma nililolieleza lilikuwa la kina mama watupu, na ndivyo lilivyo karibu kila mahali. Baba huja siku ya matokeo, akaridhika au akagomba, akarudi. Mila ya nchi hii haimpi udhuru, kwa kuwa vijana wa marika walilala mbali na baba lakini walifanya kazi mbele ya macho yake, malishoni na shambani, na hukumu yake juu yao ilitokana na aliyoyaona. Wala yasidhaniwe kuwa hana la kufanya katika chumba kile. Wanyakyusa wamesifiwa tangu wageni wa kwanza kwa nyumba zao za mianzi, na seremala yeyote wa Kiwira au Lwangwa hupima, hukata na huunganisha kila siku yale ambayo darasa la tano huyaona ubaoni kuwa sentimita, pembe na mzingo. Akija na futi yake ya chuma, na vipande vya mbao vya urefu mbalimbali, akawapa watoto wapime kwanza kwa macho na kisha kwa futi, waandike tofauti, somo la vipimo litawaingia kwa mikono. Na mwalimu, ambaye pengine hajapata kushika randa, atauliza maswali pamoja nao. Ratiba ya zamu za kina baba na kina mama ipangwe katika mkutano wa kwanza wa UWAWA mwezi Januari, kabla chai haijachachamaa, ibandikwe nakala moja mlangoni pa ofisi ya shule na nyingine katika kituo cha kupimia majani ya chai, maana hapo ndipo wazazi wote hupita.